Santuri ya Uswidi Yenye Jina la Kiswahili

Mwaka 1979 ilitoka nchini Uswidi santuri iliyopewa jina la maneno mawili ambayo hata mtoto wa Kiswahili huyajua: Bado Kidogo. Imeandikwa kwa majina ya makundi mawili. La kwanza ni Archimedes Badkar, maana yake beseni la kuogea la Archimedes, yule Myunani wa kale anayesimuliwa kwamba alitoka majini akipiga kelele kwa furaha. Hao walikuwa Waswidi wa ule muziki wa roki wa kimaendeleo, uliochukia nyimbo fupi za biashara na kuchanganya jazi na ngoma za Afrika na Asia. La pili ni Afro 70, bendi ya Patrick Balisidya.

Balisidya hahitaji kutambulishwa kwa aliyewahi kuhudhuria arusi Tanzania Bara. Mgogo huyu wa Dodoma alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa, na wimbo wake "Harusi" ungali unapigwa, ingawa yeye alifariki mwaka 2004. Mwaka 1977 Afro 70 iliiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos. Miaka miwili baadaye ndipo akafika Uswidi na kurekodi na hao wenzake wa beseni.

Wasomaji wa visiwani wataniwia radhi nikiwatoa kwenye maji chumvi na kuwaleta kwenye maji baridi ya Mwanza, kwani ni huku nilikoanza kujiuliza santuri hii ilipotelea wapi. Niliwauliza wazee watatu wa Kirumba, wacheza dansi wa enzi hizo. Wote waliimba "Harusi" papo hapo, na mmoja hata akasimama. Bado Kidogo hawakupata kuisikia.

Sababu haziko mbali. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zenyewe zikafyatuliwa Nairobi. Kwa watu wa ziwani Kenya ilikuwa jirani wa mlango wa pili: meli ya Victoria ilizunguka Kisumu, Mwanza na Bukoba tangu miaka ya sitini mwanzoni. Februari 1977 mpaka ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Santuri ya Balisidya ikazaliwa katikati ya kufuli hilo, tena mbali, katika nchi ya theluji. Na mwaka wenyewe! Majeshi ya Amin yalikuwa yameivamia Kagera Oktoba 1978. Kampala ikaanguka Aprili 1979. Ndege ya Libya iliyotumwa kuupiga mji wa Mwanza ilikosa shabaha, mabomu yakaua swala hifadhini. Katika hali hiyo, ambapo fedha za kigeni zilikuwa adimu, nani angeagiza santuri kutoka Ulaya?

Huko Ulaya nako imewekwa kwenye kabati la Waswidi, kama kazi ya mwisho ya kundi lao, na Afro 70 husomwa kama wageni waalikwa. Hapo sikubaliani. Jina ni letu, na mwenye bendi ya pili alikuwa mtunzi mkubwa kabla ya kupanda ndege. Tangu mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ya Paris imetoa mfululizo wa Zanzibara, uliotufufulia taarabu ya Unguja na Mombasa pamoja na dansi la Dar es Salaam. Lakini kazi iliyozaliwa na wazazi wawili wa mabara mawili huwa haina wa kuidai: Mswidi huiona ya Kiafrika mno, nasi hatukuisikia redioni.

Wale wazee wa Kirumba walitaka kujua jambo moja tu: kama Waswidi waliweza kumfuata Balisidya katika mapigo. Nimeahidi kuwapelekea santuri wajisikilizie wenyewe.