Lucille Ball: Mchekeshaji Aliyenunua Studio ya Mwajiri Wake

Mchekeshaji hukumbukwa kwa uso wake. Mikataba aliyotia saini husahauliwa upesi. Lucille Ball, aliyezaliwa Jamestown, jimbo la New York, mwaka 1911, alianzia kwenye uanamitindo, akaigiza kwa miaka mingi nafasi ndogondogo za filamu, zikiwamo za studio ya RKO iliyomwajiri kwa mkataba, kisha akaingia redioni.

CBS ilipomtaka kwenye televisheni, alishikilia kwamba mume wa mchezoni awe mumewe wa ndoa, Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Cuba. Wakubwa walisita: je, Marekani ingeikubali ndoa hiyo? Mwaka 1950 wawili hao walizunguka majukwaani kuthibitisha kwamba ingekubalika. Likazuka shauri la pili. Wao walitaka kubaki Hollywood na kuurekodi mchezo kwenye filamu, jambo lililokuwa ghali. Walikubali kupunguziwa malipo, kwa sharti kwamba kampuni yao, Desilu, imiliki filamu hizo. Enzi hizo marudio ya vipindi hayakuhesabiwa kuwa biashara ya maana. Yamkini CBS ilidhani imefaidi.

"I Love Lucy" ilianza Oktoba 1951 na kutikisa nchi nzima. Miaka michache baadaye CBS ililazimika kulipa mamilioni ya dola ili kupata kile ilichokitoa kwa bei ya kupunguza mshahara. Mwaka 1957 Desilu ilinunua studio za RKO, zile zile alizowahi kuzitumikia.

Siasa nayo haikumwacha. Mwaka 1953, katika msako wa wakomunisti, ilifichuka kwamba mwaka 1936 alijiandikisha kuwa mpiga kura wa chama hicho. Alijitetea kwamba alitaka kumridhisha babu yake. Aliponea, wengi wasio na umaarufu wake walipoteza kazi kwa tuhuma nyepesi zaidi, na tofauti hiyo haielezwi na haki.

Ndoa ilivunjika mwaka 1960. Miaka miwili baadaye alinunua hisa za Arnaz, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni nchini humo. Chini yake zilitoka "Star Trek" na "Mission: Impossible", zote mwaka 1966. Mwaka uliofuata aliiuza Desilu kwa Gulf+Western kwa takriban dola milioni 17, naye akaendelea kuchekesha.