Mavuno Ambayo Krapf Hakuyaona

Kila jubilii huja na hesabu zake: tumerekodi kanda ngapi, vikombe vingapi vya mashindano viko kabatini, waimbaji wangapi wamebaki. Nilipoombwa kuandika kidogo kuhusu historia, niliona nianzie mbali na kabati letu, kule Pwani, kwa mtu ambaye hesabu zake zilikuwa mbaya.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina. Walikuwa wametoka Uhabeshi, ambako mlango wa kazi ulifungwa na ambako walimzika mtoto wao njiani. Julai mwaka huohuo Rosina alijifungua binti, kisha homa ikamshika. Krapf naye alikuwa hoi kitandani. Katika siku chache mama na mtoto wakafariki, wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Hakuwa na muumini hata mmoja. Hata hivyo aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni dalili ya kuwa kazi imeanza. Mimi nadhani ningeomba nauli ya kurudi nyumbani.

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai wakiwa wote wawili wanaugua homa. Kazi ilikwenda polepole mno. Ilipofika 1851, mtu aliyebatizwa alikuwa Mringe, mlemavu maskini, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Miaka saba, mtu mmoja, na huyo mmoja akazikwa. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani mwaka 1849, na Uingereza wakatokea wataalamu waliokataa katakata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Krapf alikuwa na ndoto ya vituo vya Injili vilivyopangwa kama mnyororo kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kuondoka, mnyororo ukiwa na pete moja.

Rebmann alibaki hadi 1875. Mkewe alifariki, macho yakapofuka, na waumini walikuwa wachache. Kwa miaka hiyo alikuwa akikusanya maneno ya lugha, hata ya Kinyasa, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, kwa msaada wa mtumwa aliyeitwa Salimini. Kamusi hiyo ilitoka 1877. Rebmann alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Hapa ndipo wengi huruka sehemu muhimu. Walioipanua kazi si Wazungu peke yao. Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India walirudi Rabai miaka ya 1860, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler. Mwaka 1875 ukaanzishwa mji wa Frere Town kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kengele yake ndiyo iliyopa Kengeleni jina lake. Makondakta wa matatu hulitaja kila siku bila kufikiria. Mwaka 1885 Askofu James Hannington akawaweka Jones na Semler kuwa mashemasi. Kanisa la Mtakatifu Paulo, Rabai, likajengwa 1887. Krapf alikuwa amefariki Ujerumani mwaka 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Nayaandika haya kwa sababu ya safari moja ya misheni ambayo wazee wa kwaya wanaikumbuka. Tuliimba siku tatu chini ya hema, na mwito ulipotolewa hakusimama mtu. Njiani kurudi basi zima lilikuwa kimya, halafu lawama zikaanza: besi walichelewa, mhubiri alirefusha, sare hazikufanana. Wenzetu wawili hawakurudi mazoezini tena. Nami nilikuwa miongoni mwa waliolaumu, na ninakiri hapa kwamba nilichotaka zaidi ni idadi ya kuripoti Jumapili.

Baadaye nilipata nafasi ya kufika kwenye kaburi la Rosina, upande wa Nyali. Tulikuwa waimbaji sita tu, jua kali, na kibandani mlinzi mmoja amelala. Mmoja wetu akauliza, tuimbe au twende? Tukaimba beti zote, kwa sauti nne, na mlinzi hakuamka.