Ngoma za Burundi na Ndoo Mbili za Forest



Wakati wa baridi, hapa Forest, mjukuu wangu aliniuliza: "Bibi, mdundo ule wa kwanza nimekwisha ujua. Sasa nifanyeje usichoshe?" Ngoma zetu ni ndoo mbili za plastiki, tena chumbani, kwani jirani hapendi makelele. Nikaona nimjibu kwa historia. Mwalimu hastaafu kweli.

Ngoma za wafalme wa Burundi huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Hupangwa nusu duara, na idadi yake ni witiri daima. Zile ziitwazo amashakwe hushika mdundo mmoja, hazikomi wala haziyumbi. Katikati hukaa inkiranya, ndiyo itoayo mapigo mapya, na ibishikiso huifuata. Basi abadilishaye hubadilisha juu ya wasiobadilika. Amashakwe zikipotea, inkiranya haina pa kurudi. Madrasa kwetu Buyenzi tulilisikia jambo hilo hilo katika dufu za Maulidi: mmoja hushika, mwenzake hupamba.

Mwaka 1967 ngoma hizo zilirekodiwa kwa ajili ya sahani za Ocora, Ufaransa, na mwaka 1975 Joni Mitchell akatia kipande chake katika wimbo wa "The Jungle Line". Kipande kile hurudiwa kwa mashine. Ni kizuri, lakini kwa sikio langu inkiranya imefungwa kamba.

UNESCO iliziandika ngoma hizi katika orodha yake ya urithi mwaka 2014. Oktoba 2017 ikatoka amri ya Rais kukataza wanawake kuzipiga. Kweli, zamani zilikuwa za wanaume, sikatai. Mimi nilipiga debe tu, uani, kaka zangu wakinicheka. Lakini kabla ya amri ile vikundi vya wanawake vilikwisha kuanza, na nilipoisikia habari hiyo nilikaa kimya siku nzima.

Kwa hiyo tukaanza. Ndoo yangu amashakwe, yake inkiranya. Kwanza aache pigo moja. Kisha jingine alicheleweshe kidogo. Kisha apige ukingo badala ya kati. Kila alipopotea nilimwambia asisimame, anisikilize mimi tu mpaka apate pa kuingia. Mwezi wa pili akasema, "Bibi, sasa tubadilishane, wewe uwe inkiranya."

Nikaikamata ile fimbo. Jirani aligonga ukuta mara tatu, nasi tukaendelea.