HISTORIA NA AFYA, SEHEMU YA 3: Hofu ya sindano ilianzia wapi?

Wazazi wenzangu, tuendelee tulipoishia.

Mama akisema kliniki kwamba anaogopa sindano ya mtoto, mara nyingi anajibiwa kuwa hana elimu. Mimi nasema tusikimbilie huko. Hofu hiyo ina historia, na sehemu ya historia hiyo ni ukoloni.

Kuanzia mwaka 1900 hivi, malale, ule ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, uliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Mwaka 1906 akafika visiwa vya Ssese daktari Mjerumani, Robert Koch, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Alikuja na dawa iitwayo Atoxyl, yenye arseniki ndani yake. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, wakaja kwa mamia. Nafuu haikudumu. Koch akapandisha dozi, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja.

Twende sasa Afrika ya Kati. Huko Wafaransa walikuwa na vikosi vya tiba vilivyozunguka vijijini. Kijiji kizima kinaitwa, mnapanga mstari, mnapapaswa tezi za shingoni, mnachomwa. Kukataa haikuwa rahisi, maana nyuma ya daktari kulikuwa na serikali. Miaka ya 1950 walichoma Lomidine hata watu wazima wa afya, eti iwakinge na malale. Mwaka 1954 huko Yokadouma, Kamerun, sehemu zilizochomwa zikaanza kuoza. Zaidi ya watu 20 walifariki.

Yamepita, si ndiyo? Hapana. Mwaka 2021 watafiti Sara Lowes na Eduardo Montero walitoa utafiti wao kuhusu nchi hizo. Walikuta kwamba kule vikosi vile vilikopita sana, watoto wa leo wanachanjwa kwa kiwango kidogo zaidi, na watu wazima wanakataa zaidi kutolewa damu ya kipimo. Yaani bibi alichomwa kwa nguvu, akasimulia nyumbani, na leo kitukuu ndiye anayekosa chanjo ya surua. Mkoloni ameondoka, hofu imebaki kurithiwa.

Lakini tusiishie hapo, tutajiumiza wenyewe. Ndui iliua na kupofusha watoto kwa karne nyingi, na chanjo ndiyo iliyoimaliza. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa haipo tena. Kwa hiyo ubaya haukuwa sindano yenyewe. Ubaya ulikuwa kumchoma mtu bila kumuuliza, bila kumweleza, na akidhurika hana pa kulalamika.

Dawa ya hofu hii ni maswali. Ukienda kliniki, mama, baba, uliza: Hii ni chanjo gani? Inakinga nini? Maudhi yake ni yapi, na nikiona nini nimrudishe mtoto haraka? Tarehe ya kurudi ni lini? Hakikisha imeandikwa kwenye kadi.

Na wauguzi wenzangu mnaosoma hapa: mama akiuliza, tusimfokee. Bibi yake hakupewa nafasi ya kuuliza. Tukimjibu vizuri leo, atarudi na mtoto tarehe ile ya kwenye kadi.

Sehemu ya 4 inakuja. Mtumie mama mwenzako mwenye mtoto mchanga.