Leso ya Mama

Nilikuwa na miaka saba nilipomfuata mwanamke kutoka soko la Marikiti mpaka mlangoni kwake, kwa kuwa leso aliyojitanda ilikuwa moja na ya mamangu. Akageuka: "Mwanangu, wamwandama nani?" Ni sauti iliyonijulisha kuwa nimepotea. Uso haukuniambia kitu.

Sura hazinikai. Jicho naliona, pua naiona, lakini mtu akienda akarudi, kwangu ni mgeni. Mwaka 1947 daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, aliyechunguza watu waliojeruhiwa kichwani vitani, aliipa hali hii jina la prosopagnosia. Mimi sikujeruhiwa. Nimezaliwa nayo, na ndiyo iliyonifunza leso.

Neno lenyewe tulilipata kwa Wareno, ambao kitambaa cha mkononi walikiita lenço. Karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa jora, havijakatwa, wakaunga vitatu kwa vitatu wakapata nguo moja pana. Wenye maduka nao wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa, yenye pindo pembeni na mji katikati. Ya madoadoa ikafananishwa na ndege, ikaitwa kanga. Hapa Mombasa Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na alama ya "Mali ya Abdulla" ingali inasomeka kwenye nguo za duka lake. Maneno ya leso, yaliyoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, huitwa jina. Neno hilo nalipenda mno. Shangazi zangu wote walipita mbele yangu na majina yao mgongoni, nami nikawaamkia bila kukosea.

Sare ndiyo iliyonitesa. Wanawake wa vyama vya ngoma ya lelemama walivaa namna moja wakishindana, na desturi hiyo ikabaki harusini: ukumbi mzima leso moja. Buibui halikunitisha hivyo. Chini ya weusi ule kila mtu mjini alimtambua mwenzake kwa mwendo, kwa sauti, kwa harufu ya udi, na hapo nilikuwa sawa na wengine.

Mama aliielewa hali yangu kabla ya daktari yeyote. Leso yake ikichakaa alitafuta ya jina lilelile, mashoga zake wakimcheka kwa kupitwa na mtindo.

Katika picha ya harusi ya dadangu wamesimama wanawake kumi na wawili, sare moja. Mama ni yule aliyeigeuza leso yake, ndani nje.