Ajali ya Mangalore: onyo lililopuuzwa

Asubuhi ya tarehe 22 Mei 2010, ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilipitiliza njia ya kutulia mjini Mangalore, kusini mwa India, ikaporomoka bondeni na kuteketea. Kati ya watu 166, walinusurika 8 tu.

Kinasa sauti kilibainisha kuwa rubani mkuu alikuwa amelala kwa muda mrefu safarini. Lakini usingizi hauelezi yote. Ndege ilikaribia uwanja ikiwa juu mno. Rubani msaidizi akamhimiza zaidi ya mara moja apae tena, naye hakusikilizwa. Magurudumu yaligusa lami mita 1,600 hivi ndani ya njia yenye mita 2,450. Kisha, ndege ikipunguza mwendo, rubani mkuu akajaribu kuruka. Uchunguzi ulionyesha kuwa breki zingekanyagwa kikamilifu, ingesimama kabla ya lami kwisha.