Toba na Daftari: Ushuhuda wa Dini katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mwanahistoria anayetaka kuandika habari za Ukristo katika Mbinga na katika mwambao wa Ziwa Nyasa hukutana kwanza na madaftari ya parokia: ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko. Hayo ni mashahidi wa thamani, lakini huandika yale tu yaliyotendwa mbele ya watu, wala hayana safu ya kuandikia toba. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa upungufu huo si kosa la makarani. Umo katika jambo lenyewe, na lugha zetu zinaushuhudia.

Dini hiyo iliingia huku kwa njia mbili. Kwa njia ya maji walikuja Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi UMCA, ambao walifanya makao yao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885. Padre William Percival Johnson alivizunguka vijiji vya mwambao kwa miaka zaidi ya arobaini, hata akafariki Liuli mwaka 1928. Kwa njia ya nchi kavu walikuja Wabenediktini wa St. Ottilien, waliofungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, kisha wakaingia katika milima ya Wamatengo. Walitofautiana kwa mengi, lakini katika jambo hili walifanana: wote walidai mafundisho ya muda mrefu kabla ya ubatizo, wote walisikiliza maungamo, na wote waliwatenga waliokosa.

Sasa tuyatazame maneno. Toba tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kurejea. Chinyanja, lugha ambayo Johnson aliifasiria Biblia, husema kutembenuka mtima. Hata mtu aliyetengwa, akipokewa tena, Wakristo husema amerudi kundini. Basi katika maneno hayo yote mna mwendo: mtu alikuwa akielekea huku, sasa anaelekea kule. Lakini Wakatoliki walipotaka jina la sakramenti walilitoa katika shina lile lile la kutubu, wakapata kitubio. Hapo tendo limekuwa kitu. Kitubio kina saa yake na mahali pake. Padre hutoa malipizi, muungamaji huyatimiza, na shughuli imekwisha. Mwendo wa toba hauna mwisho wa namna hiyo. Hapana shaka Kanisa lilikusudia kwamba kitubio kiwe chombo cha toba. Lakini chombo huonekana, na kilichomo hakionekani.

Shida hiyo ilidhihirika katika ndoa. Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka awaache, abaki na mmoja. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 waliikaza sheria hiyo, na Wakatoliki walikuwa na yao ya namna hiyo hiyo. Mbele ya macho ya watu, kuwaacha wake kulikuwa dalili ya toba. Lakini mke aliyeachwa pamoja na watoto wake aliweza kuuliza, na kwa haki, kama mumewe amemrudia Mungu au amemkimbia yeye.

Mfano mzito zaidi ni wa Songea. Tarehe 27 Februari 1906, baada ya vita vya Maji Maji kushindwa katika Ungoni, Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni, na Nkosi Mputa Gama miongoni mwao. Padre Johannes Häfliger, wa misheni ya Kigonsera, aliwaendea waliohukumiwa akawafundisha, na wengi wakakubali kubatizwa kabla ya kufa, wengine walikataa. Watu hao hawakupewa hata siku moja ya kuonyesha matunda ya toba. Mmoja atasema walibatizwa kwa hofu. Mwingine atamtaja mwizi wa msalabani. Mwanahistoria hana mizani ya kuwapima. Lakini jambo moja aweza kulisema: walioitwa watubu siku ile walikuwa wale waliofungwa tu. Serikali iliyowafunga ilikuwa ya taifa la Kikristo, na askari wake walikuwa wamechoma mashamba na maghala, hata njaa ikaua watu wengi sana. Nayo haikuitwa ije kuungama.

Basi tusihesabu majina ya daftari tukadhani tumehesabu mioyo. Wala tusiyadharau tukisema yote yalikuwa unafiki, maana aliyetembea mwendo wa siku nzima kwenda kuungama hakutembea bure. Moyo hatuuoni, lakini aliyedhulumiwa tunaweza kumwona. Mtafiti akienda Liuli, Litembo au Kigonsera, asiulize tu ni wangapi walibatizwa. Aulize pia kama mke aliyeachwa alipata shamba, na kama mwenye ghala lililochomwa alirudishiwa chakula chake. Hayo hayakuandikwa katika daftari, lakini wazee husimuliana.